Mizinga kumi inatosha: kufuga nyuki Tabora ukiwa umevuka miaka 45

Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 analazimika. Hapa Tabora, habari za mafao zikianza kusikika, miradi inayotajwa ni ileile: nyumba ya kupangisha, mashine ya kukoboa na kusaga, bodaboda mbili tatu, na nyuki. Nyuki wanastahili kuwamo, maana mkoa una misitu ya miombo na una watu waliorina asali tangu enzi za mababu. Kinachoharibu ni wakati wa kuanza. Mtu anangoja kiinua mgongo, ananunua mizinga mia kwa mkupuo, anaitundika yote mwezi mmoja, halafu ndipo anaanza kujifunza. Mwaka wa kwanza mingi inabaki mitupu, wa pili nyegere anaiangusha, wa tatu mgongo unagoma na mbao zinaishia kwenye banda la kuku.

Anza ukiwa bado na mshahara, kwa mizinga mitatu. Ongeza kidogo kidogo hadi kumi kwa muda wa misimu mitatu au minne, kisha simama hapo mpaka ustaafu. Kumi hiyo inatokana na Jumamosi zako, haitokani na hesabu za semina. Kukagua mzinga mmoja kunachukua dakika 15 hadi 20. Nyuki wetu ni wakali, na ukifungua mizinga mingi mfululizo manzuki nzima, yaani eneo lote la mizinga, inachafuka, kwa hiyo mitano kwa jioni moja ndicho kikomo cha mtu mwenye akili timamu. Jumamosi mbili kwa mwezi zinamaliza mizinga kumi, na zinabaki mbili za harusi, misiba na usingizi. Hesabu za karatasi, zile za mizinga mia mara kilo 15 mara misimu miwili, huwa hazina safu ya usingizi.

Kalenda nayo iko upande wako. Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mtundu na ndugu zake, miti ya miombo, huchanua kuelekea mvua, kati ya Septemba na Novemba, na asali yake hurinwa Novemba na Desemba. Muva, nao ni mti wa miombo, huchanua mvua zikielekea ukingoni, na asali yake hurinwa kuanzia Mei hadi Julai. Mwalimu ataona kwamba mirino yote miwili inagusa likizo, ya Juni na ya Desemba. Mwenye kazi ya zamu, reli au hospitali, aombe siku zake mapema kwa kufuata miezi hiyo.

Mwili kwanza, mbao baadaye

Kabla ya kumtafuta fundi seremala, jibu swali moja: umewahi kuumwa na nyuki, na ilikuwaje? Kuvimba mahali pa mwiba, hata mkono mzima ukajaa kwa siku mbili, ni jambo la kawaida. Ila kama uliwahi kutokwa na vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana au kuzimia baada ya mwiba mmoja, kazi hii iache. Huo ni mzio mkali, na mkupuo wa pili unaweza kuua kabla hujafika barabarani.

Swali la pili huulizwa na wachache, nalo ni la umri wetu hasa: unatumia dawa gani ya presha? Dawa za kundi linaloitwa beta bloka, kama atenolol, propranolol, bisoprolol na carvedilol, hupunguza nguvu ya adrenalini mwilini. Adrenalini ndiyo sindano ya kwanza anayochomwa mtu aliyepatwa na mzio mkali, na mgonjwa anayetumia dawa hizo huenda asiitikie vizuri. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Nenda na kasha la dawa kwa daktari, mwambie unataka kufuga nyuki, umuulize kama kuna dawa nyingine inayokufaa. Anayetumia dawa za kukojosha naye ajue kwamba ovaroli nene, veli ya kufunika uso na mabuti, katika joto la Oktoba, humkausha mtu upesi. Kunywa nusu lita ya maji kabla ya kuvaa, na chupa nyingine ikusubiri nje ya manzuki.

Macho. Kuanzia miaka arobaini na kitu, vitu vya karibu huanza kufifia, na katika ufugaji nyuki kitu cha maana kuliko vyote ni yai lenye urefu wa milimita moja na nusu, lililosimama chini ya tundu la sega. Miwani ya kusomea ya nguvu 1.5 au 2 inatosha kwa wengi, lakini ifunge kamba nyuma ya kichwa, maana ikiteleza ndani ya veli huwezi kuirudisha bila kujifungua mbele ya nyuki. Njia nyingine nyepesi ni simu: geuza mgongo kwenye jua, mwanga uingie ndani ya matundu, piga picha ya sega, uikuze ukiwa nyumbani. Ukiona mayai, malkia alikuwepo ndani ya siku tatu zilizopita, kwa sababu yai huanguliwa siku ya tatu. Huna haja ya kumtafuta malkia mwenyewe. Hata vijana wenye macho makali hupoteza nusu saa kumtafuta, na mzinga unapoa.

Mgongo ndio unaoamua aina ya mzinga. Mzinga wa fremu unaopandishwa ghorofa hutoa asali nzuri, lakini ghorofa moja iliyojaa inaweza kupita kilo 25, na lazima uinyanyue nzima ili kuona kilicho chini. Mzinga wa gogo uko juu ya mti, na kupanda mti usiku huku umebeba moshi ni kazi ya kijana. Kinachokufaa ni sanduku refu lenye viunzi juu, yaani vipande vya mbao vilivyolazwa kimoja kando ya kingine, ambavyo nyuki hujenga masega chini yake. Humo unanyanyua sega moja moja, na sega lililojaa huwa kilo mbili au tatu tu.

Vipimo vya kumpa fundi

Ndani ya sanduku: urefu sentimita 90, kina 30, upana wa juu 44, upana wa chini 20, kuta za pembeni zikilala kama za hori. Mlalo huo unawapunguzia nyuki tabia ya kugandisha sega ukutani. Mbao iwe na unene wa inchi moja. Mninga unadumu, ila bei yake haina maana kwa sanduku. Paini iliyokauka vizuri inatosha ukiipaka rangi nje tu. Ndani usipake chochote. Mbao iliyotiwa dawa ya mchwa usiikubali hata ukipewa bure, na mafuta machafu ya gari yasiguse sanduku.

Viunzi ni 28, kila kimoja kina urefu wa sentimita 48 na upana wa milimita 32. Upana huo ndio roho ya mzinga. Nyuki wetu hujenga sega moja, huacha njia ya kupita, hujenga jingine, na kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine ni takriban milimita 32. Fundi akikata 35 kwa kuwa ameona kipimo cha nyuki wa Ulaya, au 30 kwa kuwa mbao imembana, nyuki watafuata kipimo chao wenyewe: masega ya mwanzo yatakaa sawa, ya katikati yatakwenda mshazari na kuunganisha viunzi viwili vitatu. Mzinga wa namna hiyo haukaguliki tena, unafunguliwa kwa kubomoa. Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Usipime kiunzi kimoja kimoja, maana milimita moja haionekani. Chukua kumi, vibane pamoja mezani, pima upana wote. Isipokuwa sentimita 32, rudisha. Vyote 28 vikibanana vinajaza sanduku na kuacha nafasi ya milimita nne hivi, ambayo huzibwa kwa ubao mwembamba mwishoni.

Chini ya kila kiunzi, katikati kwa urefu, fundi achimbe mfereji wa kina cha milimita tatu. Humo utamimina nta iliyoyeyushwa, mstari mmoja ulionyooka. Nyuki hufuata mstari huo wanapoanza kujenga.

Matundu ya kuingilia yawe matano au sita, ya milimita 8 hadi 10, yote upande mmoja mfupi wa sanduku na karibu na sakafu. Makubwa zaidi yanakaribisha panya. Kuyaweka upande mmoja kuna faida utakayoiona siku ya kurina: majana, yaani watoto wa nyuki, hukaa karibu na mlango na asali husukumwa nyuma, kwa hiyo unafungua nyuma bila kuwasumbua wenye nyumba. Paa liwe la bati juu ya fremu ya mbao, na kati ya bati na viunzi iachwe nafasi ya sentimita tano au itandikwe nyasi kavu. Bati lililolala moja kwa moja juu ya viunzi hulainisha nta mpya, na sega linakatika pamoja na asali yake yote.

Mahali

Kaa mbali na watu: si chini ya mita 200 kutoka nyumba, shule, kisima au njia ya ng'ombe. Kaa karibu na maji, au weka karai lenye mawe ndani ili nyuki watue bila kuzama, na ulijaze kuanzia Mei hadi mvua zianze. Karai likikauka wiki tatu mwezi wa tisa, kundi linaweza kuhama lote.

Nyuki wa kawaida huruka kilomita mbili tatu kutafuta chakula, kwa hiyo uliza nani analima tumbaku ndani ya duara hilo. Urambo, Kaliua na Sikonge swali hili halikwepeki. Ukimjua mkulima, mwombe akwambie siku ya kupiga dawa, na mwombe apige jioni nyuki wakiwa wamerudi. Wengi hukubali wakiletewa chupa ya asali.

Kama ni ardhi ya kijiji, pata makubaliano ya maandishi na serikali ya kijiji. Kama ni hifadhi ya msitu, uliza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu au halmashauri kuhusu kibali kabla ya kupeleka hata kiunzi kimoja. Sheria inayosimamia kazi hii ni Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002. Afisa nyuki wa wilaya ndiye wa kuanza naye, na mjini Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki, bahati ambayo mikoa mingi haina.

Mzinga utundikwe kwa waya mnene wa mabati, milimita tatu au nne, kati ya miti miwili au nguzo mbili imara. Ukijaa, sanduku na vilivyomo hukaribia kilo 45, kwa hiyo nguzo ya kuazima haifai. Sehemu ya chini ya mzinga iwe mita moja kutoka ardhini, na juu itakufika kifuani. Kuna wanaoushusha hadi magotini ili wasichoke. Kimo hicho kinamfaa mgongo na kinamfaa nyegere vilevile. Yeye hachoki, na ngozi yake haijali miiba. Mzinga unaoning'inia na kuyumba humtatiza, mzinga uliowekwa juu ya mawe ni karamu yake. Nguzo zizungushie bati la nusu mita asipate pa kukwea.

Nyaya zipake grisi kuzuia siafu na sisimizi, na uirudie kila mwezi kwa sababu vumbi huigeuza daraja. Nyasi zikiota hadi kugusa mzinga, grisi haina kazi tena. Fyeka mduara, na kabla ya Juni lima mkuza wa moto, yaani ukanda usio na nyasi, wa mita tatu hadi tano kuzunguka manzuki yote. Moto wa porini wa Agosti hauulizi mzinga ni wa nani.

Kuwapata nyuki

Nyuki hawanunuliwi, huingia wenyewe. Tundika mizinga Agosti au mwanzo wa Septemba, kabla maua hayajafunguka, wakati makundi yanatafuta makao. Paka nta ukutani kwa ndani, karibu na mlango, na sugua majani ya mchaichai, kwa kuwa harufu yake inakaribia ile nyuki wanayoitumia kuitana. Pita kila baada ya wiki mbili kufagia buibui na kuwatoa mijusi. Mzinga ambao haujapata nyuki hadi Desemba usihesabiwe kuwa umeshindwa. Uhamishe mita hamsini, mahali penye kivuli cha mchana na jua la asubuhi, usubiri msimu mwingine.

Kundi likishaingia, liache wiki tatu bila kulifungua. Hamu ya kuchungulia ndiyo inayofukuza makundi mengi kuliko siafu.

Robo saa ya kukaa

Kabla ya kuwasha moshi, kaa kando ya mzinga, mita nne au tano, si mbele ya mlango, utazame kwa robo saa. Wengi huiruka sehemu hii wakidhani ni uvivu. Kwa mtu aliyemaliza wiki ya vikao na madeni ya ada, hii ndiyo faida ya kwanza ya mzinga, na inapatikana hata mwaka ambao asali haipo. Nayo ni kazi. Nyuki wanaoingia na chavua miguuni, ya njano au ya kahawia, wanaonyesha kwamba ndani kuna majana ya kulishwa, yaani malkia yuko kazini. Nyuki waliojikusanya nje kama ndevu jioni wanasema joto limezidi au nafasi imekwisha. Nyuki wanaopigana mlangoni, wengine wakiingia kwa mwendo wa kujificha, ni wizi: kundi limedhoofika na linaporwa na jirani. Mlango wenye utando na unga unga chini yake ni nondo wa nta, na kwa kawaida huingia kundi likiwa tayari limeshapungua. Siku nyingi robo saa hiyo inakutosha na unarudi nyumbani bila kufungua kitu.

Moshi na kufungua

Bomba la moshi, kifaa cha kuwapulizia nyuki, liwashwe kwa magunzi makavu, samadi kavu ya ng'ombe au maganda ya mti, kisha juu weka majani mabichi kidogo ili moshi upoe. Ujaribu kwenye kiganja. Ukikuchoma wewe, utawachoma nao. Plastiki, vitambaa vyenye mafuta na majani ya tumbaku visiingie humo. Puliza mara tatu mlangoni, subiri dakika mbili. Moshi huficha harufu ya hatari, na nyuki hujaza matumbo asali wakawa wazito. Ukianza kufungua kabla ya dakika hizo, umepoteza moshi wako.

Harufu hiyo ya hatari inafanana na ya ndizi mbivu. Ukichomwa, utainusa kwenye glovu. Kwangua mwiba mara moja kwa ukucha au kisu, usihangaike na namna ya kuutoa, maana kila sekunde kifuko kinaendelea kusukuma sumu. Kisha fukiza mahali hapo moshi ili wengine wasilenge papo hapo. Manukato, sabuni ya harufu na nguo nyeusi ziache nyumbani. Suruali ivae nje ya buti, ufunge kwa mpira.

Usiende peke yako. Mwenzako abaki mita thelathini na simu yenye chaji na pikipiki iliyogeuzwa kuelekea barabarani. Mambo yakiharibika, ondokeni mbio, mkiwa mmefunika nyuso, hadi ndani ya nyumba au gari. Kuruka majini hakusaidii, wanakusubiri juu. Aliyechomwa makumi ya miiba apelekwe hospitali hata kama hana mzio, kwa sababu wingi wa sumu pekee unatosha kuumiza figo.

Kunyanyua kiunzi kuna namna yake. Toa ubao mwembamba wa nyuma kwanza upate nafasi. Pitisha kisu kirefu pande zote mbili za sega kulikata lilipogandia ukutani. Shika ncha mbili za kiunzi, kinyanyue wima polepole, bila kugonga. Sega jipya ni jeupe na laini, halina waya wala fremu ya kulishikilia, limening'inia kwa juu tu. Ukitaka kuona upande wa pili, zungusha kiunzi kama mlango kwenye bawaba, sega likibaki limeelekea chini. Ukililaza bapa, litakatika hapohapo na kukumwagikia miguuni pamoja na nyuki mia kadhaa wasiofurahi.

Kurina

Anza saa kumi na nusu jioni. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo, na macho ya miaka hamsini hayapendi giza la nusu nusu. Ikibidi kumalizia usiku, vaa taa ya kichwani iliyofunikwa karatasi nyekundu ya nailoni, maana nyuki hawaoni wekundu na hawatairukia.

Beba ndoo mbili za lita 10 zenye vifuniko. Usibebe ya lita 20. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ni kama kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 28 za kubeba kwa mkono mmoja gizani, juu ya visiki. Wengi walioumia kiuno katika kazi hii waliumizwa na ndoo.

Fungua kutoka nyuma. Sega la kuchukua ni lile ambalo angalau robo tatu yake imezibwa kwa nta nyeupe pande zote mbili. Lisilozibwa bado lina maji mengi. Ukilichanganya na lililoiva, ndoo nzima itachacha. Kikomo kinachokubalika ni maji asilimia 20, na mwenye refraktomita atakipima, lakini asiye nayo afuate vifuniko vya nta. Vipimo vya mtaani, vya njiti ya kiberiti, mchanga na karatasi, havisemi lolote la kuaminika.

Pangusa nyuki kwa unyoya mkubwa wa kuku uliolowanishwa, kata sega uache sentimita moja juu kwenye kiunzi, litie ndooni, funika, rudisha kiunzi mahali pake. Ukikuta sega la kwanza lenye chavua au majana, simama. Hata kabla ya hapo, acha masega manne ya asali jirani na majana, na ukirina Julai acha sita, kwa sababu Agosti ni kavu na kundi lenye njaa huhama. Mzinga wenye kundi zuri utakupa kilo 10 hadi 15 kwa mrino. Mwaka mwingine utakupa tatu, na hizo tatu ziache mzingani.

Ukimwajiri kijana akusaidie, mlipe kwa siku, usimlipe kwa kilo. Anayelipwa kwa kilo atarina majimaji na majana, na ni wewe uliyemfundisha hivyo kwa namna ulivyopanga malipo.

Kuchuja, na nta

Usipike asali. Ponda masega kwa mkono safi ndani ya ndoo, mimina juu ya kitambaa cha nailoni kilichofungwa kwenye ndoo nyingine, funga chumba, acha usiku kucha. Chandarua kinafanana na kitambaa hicho na ndicho wengi wanachokimbilia, lakini vyandarua vinavyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu. Kitambaa kinunuliwe dukani. Siku za mvua funika kabisa, kwa kuwa asali hunyonya unyevu wa hewani. Iache itulie siku tatu, engua povu, ndipo uijaze chupani. Ndoo za mabati ziepuke, asali ina asidi na inazila. Galoni la mafuta ya kula halioshwi likaisha harufu.

Asali ikiganda haijaharibika wala haijatiwa sukari. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, isubiri. Na mteja mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja mwambie asimlambishe.

Machicha yanayobaki ndiyo nta. Kwa kila kilo kumi za asali tarajia karibu kilo moja. Yatie kwenye sufuria ya alumini pamoja na maji ya mvua, moto mdogo. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, haihitaji kuchemka, na ikimwagika motoni hulipuka kama mafuta. Chungu cha chuma huigeuza rangi. Kamulia ndani ya kipande cha gunia, acha ipoe polepole juu ya maji hadi kesho yake, inyanyue kama kifuniko, kwangua uchafu wa chini. Kabla ya kumuuzia yeyote, tenga gramu mia moja kwa kila mzinga, uifunge kwenye karatasi na kuiweka mbali na panya, kwa ajili ya viunzi vya Agosti.